Bandari Yetu, Meli za Wenyewe

Mwananchi asimamaye Kivukoni asubuhi, akaitazama meli ikiingia katika ule mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam, huona kitu kikubwa kama mtaa mzima kikisogea taratibu mbele ya mashua za wavuvi. Akiwa na macho mazuri atasoma shetrini jina la meli na mji ilikoandikishwa: Monrovia, Panama, Majuro, Singapore. Na asimame hapo tangu kaskazi ianze kuvuma mpaka kusi ikatike, hataona meli kubwa ya makontena iliyo mali ya taifa hili, kwa sababu haipo.

Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumza habari za bandari. Bungeni, misikitini, makanisani na vijiweni watu walibishana juu ya nani aendeshe gati, kwa masharti gani na kwa miaka mingapi, hata mkataba wa kampuni ya Dubai ukatiwa saini mwezi Oktoba mwaka huo. Mabishano yale yalikuwa ya haki, na sisi tulikuwa na maoni yetu kama wengine. Lakini katika maneno yote yale tulisikia machache sana juu ya swali la pili: meli zinazofunga kamba katika gati hizo ni za nani, na nauli ya mzigo wetu yaingia mfuko gani? Gati ni mlango tu. Nasi tuligombania ufunguo wa mlango bila kuuliza mwenye gari.

Haikuwa hivi siku zote, na wasomaji wetu wazee watatushuhudia. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ziliungana kuunda shirika la meli la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa Kiingereza kama Eastern Africa National Shipping Line. Majina ya meli zake yalitosha kuwa somo la siasa kwa mtoto wa shule: Harambee, Ujamaa, Mulungushi, Uganda. Kila nchi ilituma baharini neno lake lililo karibu na moyo. Zambia, isiyo na ufuko hata wa hatua moja, ilikuwa na jina lake likielea juu ya maji ya chumvi. Kusudi lilikuwa jepesi kueleza. Pamba, kahawa, mkonge na shaba zilikuwa zikisafiri kwa meli za makampuni ya Ulaya, ambayo yalikaa pamoja katika umoja wao na kupanga nauli bila kutuuliza. Nchi zetu zikataka kuwa na kiti katika meza hiyo.

Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 shirika hilo lilikuwa limekwisha. Waswahili husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa manahodha walikuwa serikali nne. Mwaka mmoja tu baada ya kuundwa, mwezi Juni 1967, Mfereji wa Suez ulifungwa, na meli za Ulaya zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miaka minane. Kisha bei ya mafuta ikapanda kati ya 1973 na 1974 hata ikawa mara nne ya ile ya awali. Walakini dhoruba mbaya zaidi ilitoka bara. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 na 1979 nchi mbili kati ya zile nne zilipigana vita. Nani basi angetia fedha ya kununua meli mpya katika shirika ambalo wenye mali yake hawaamkiani?

Wako wasemao kwamba jambo hili lathibitisha kuwa Mwafrika hawezi biashara ya meli. La hasha. Watu wa pwani hii walikuwa wakienda Uarabuni na Bara Hindi kwa majahazi kabla Vasco da Gama hajafika Malindi mwaka 1498 na kuchukua rubani wa kumwonyesha njia ya kuvukia. Ujuzi wa bahari haukuwa upungufu wetu. Yatupasa kutafuta sababu mahali pengine, na kwa hilo tuwatazame ndugu zetu wa Afrika Magharibi, ambao walijaribu kwa nguvu kuliko sisi.

Ghana ilijitawala mwezi Machi 1957, na kabla mwaka huo haujakwisha ilikuwa imeunda shirika la meli, Black Star Line, kwa ubia na kampuni ya Zim ya Israel iliyoshika asilimia 40. Jina lilichukuliwa kutoka kwa Marcus Garvey, ambaye mwaka 1919 huko Marekani aliunda kampuni yenye jina hilo kwa fedha za watu weusi wa kawaida. Kampuni yake ilianguka mwaka 1922, lakini jina halikuzama. Ghana ilinunua sehemu ya Waisraeli mwaka 1960, na shirika likakua hata likawa na meli zipatazo 16. Zilibeba kakao na magogo kwenda Ulaya na Amerika, na kurudi na mashine na vitambaa. Vijana wa Ghana wakawa manahodha na mainjinia wa meli, wenye vyeti vilivyokubaliwa katika bandari yoyote ya dunia. Katika miaka ya 1990 meli za mwisho ziliuzwa, na leo nyota ile nyeusi imebaki katika bendera ya taifa na katika jezi za timu ya mpira.

Habari ya Nigeria ni nzito zaidi, nayo yatufaa kwa sababu mali ilikuwapo. Shirika lao liliundwa mwaka 1959, serikali ikiwa na asilimia 51, na makampuni mawili ya wageni, Elder Dempster na Palm Line, yakigawana zilizobaki; kufikia 1961 lote lilikuwa la Wanigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1970, fedha za petroli zilipojaa hazina, Nigeria iliagiza kwa pamoja meli 19 kutoka Yugoslavia na Korea Kusini. Fikiri: meli 19 kwa mara moja, kwa mkopo. Kisha bei ya petroli ikaanguka, deni likabaki pale pale, na shehena za serikali yenyewe ziliendelea kupewa wengine. Meli zikaanza kukamatwa katika bandari za kigeni kwa madeni ya mafuta, ya matengenezo na ya mishahara, mabaharia wakakwama humo bila posho. Mwaka 1995 shirika lilifilisiwa. Likaundwa jingine dogo mahali pake, nalo halikudumu.

Hatukuandika haya ili kuwacheka wenzetu. Tunaona ndani yake sura yetu. Magonjwa mengine ni yale yanayojulikana katika kila shirika la umma lililoanguka: wakubwa walioteuliwa kwa undugu na si kwa kazi, fedha za ngeni zilizochelewa kutolewa, meli zilizotakiwa kupeleka ujumbe badala ya mzigo. Hayo tumekwisha yasema mara nyingi, na Chama chetu hakiwezi kujitoa katika lawama hiyo, maana mashirika yaliyokufa hapa nchini yalikufa mikononi mwetu. Lakini uongozi mbaya peke yake hauelezi yote. Uingereza haikukosa viongozi wa meli, na katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na meli za biashara zaidi ya 1,600. Ndani ya miaka kumi na michache sehemu kubwa ilikuwa imeuzwa au kuhamishiwa bendera za nchi nyingine ambako kodi ni ndogo na baharia hulipwa kidogo. Kampuni ya Union-Castle, ambayo meli zake wazee wetu waliziona zikitia nanga hapa, ilifanya safari yake ya mwisho ya kupeleka barua Afrika Kusini mwaka 1977.

Bahari yenyewe ilikuwa imebadilika. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa imebeba masanduku 58 ya chuma. Masanduku hayo ndiyo makontena ya leo. Meli za Harambee na Ujamaa zilikuwa za mtindo wa zamani: magunia na marobota yalishushwa kwa winchi na migongo ya makuli, siku nyingi gatini. Meli ya makontena hushusha kwa saa. Lakini hiyo ni ghali sana, nayo haitaki kwenda mahali pasipo na makontena ya kurudi nayo. Basi yataka mtandao wa bandari na mawakala duniani kote. Shirika lenye meli nne au kumi na sita haliwezi mchezo huo peke yake. Leo makampuni machache ya Ulaya na Asia, yakiongozwa na MSC na Maersk, ndiyo yashikayo sehemu kubwa ya makontena ya dunia.

Nchi maskini ziliona hatari hiyo mapema. Mwaka 1974 huko Geneva zilipitisha, chini ya Umoja wa Mataifa, mwafaka juu ya meli za safari za ratiba: katika biashara kati ya nchi mbili, meli za nchi ya kwanza zichukue asilimia 40 ya shehena, za nchi ya pili asilimia 40, na wengine wagawane 20. Ulikuwa mpango wa haki. Ulipata nguvu ya sheria mwaka 1983, miaka tisa baadaye, wakati ambapo meli nyingi ambazo ungezilinda zilikuwa zimekwisha kuuzwa au kukamatwa, na Marekani haikuukubali kamwe. Karatasi ilifika baada ya mazishi.

Je, yote yalikuwa ni bure? Hapa tunamwomba msomaji ageuze uso kaskazini, atazame Ethiopia. Shirika la meli la nchi hiyo liliundwa mwaka 1964, enzi za Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1993 Eritrea ikawa taifa, na Ethiopia ikapoteza ufuko wake wote. Mtu angetarajia meli zake ziuzwe mwaka ule ule. Nchi ya milima yataka meli za nini? Hazikuuzwa. Zilihamia Djibouti. Mwaka 2011 shirika hilo liliunganishwa na mengine ya serikali ya uchukuzi, na katika miaka iliyofuata likapokea meli mpya 9 zilizojengwa China. Bendera ya nchi isiyo na bahari yapita mbele ya pwani yetu, nasi tunaipungia mkono.

Siri yao haimo melini. Imo katika kalamu ya mwenye duka. Mfanyabiashara anunuapo bidhaa ng'ambo anaweza kuchagua namna mbili za bei. Katika ile ya FOB, muuzaji humkabidhi mali ikiwa imepakiwa melini kwenye bandari ya huko, na mnunuzi ndiye achaguaye meli na kulipa nauli. Katika ile ya CIF, muuzaji huchagua meli, hulipa nauli na bima, kisha huyatia yote hayo ndani ya bei. Waagizaji wengi wa Afrika hununua kwa CIF kwa sababu ni rahisi: mtu hungojea mzigo ufike. Lakini kila anunuaye hivyo amempa mgeni haki ya kuchagua meli, na kwa hiyo ameinyima meli ya nchi yake mzigo kabla haijajengwa. Benki ya Taifa ya Ethiopia iliwaagiza waagizaji wanunue kwa FOB na kutumia meli za taifa katika njia ambazo meli hizo hufika. Basi shirika lilipokwenda kukopa, lilikuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye benki, yaani shehena ya uhakika.

Hatusemi kwamba mambo ya Ethiopia ni asali tupu. Wafanyabiashara wao wamelalamika miaka mingi kwamba shirika moja likipewa njia zote hulala, na kwamba makontena yao yamekaa Djibouti mpaka gharama za kukaa zikawala. Malalamiko hayo tunayaamini, maana twawajua wenye hodhi. Lakini ni malalamiko ya watu wenye meli.

Sisi tumekwisha fanya nusu ya jambo hili bila kulitambua. Bima ya shehena ziingiazo nchini tumeitaka, kwa sheria, ikatwe kwa makampuni ya hapa nyumbani, ili fedha hiyo ibaki. Mbona nauli, ambayo mara nyingi huizidi bima kwa mbali, tumeiacha iende zake? Mwaka 2021 nauli ya kontena moja kutoka China ilipanda mara kadhaa duniani kote, na mama aliyenunua sufuria Kariakoo aliilipa bila kuambiwa. Mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, makampuni yaliamua yenyewe njia ya kupita na ziada ya kutoza. Taifa lisilo na meli husomewa uamuzi kama mshitakiwa.

Kuna jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema, ingawa laona haya. Wakati hatukuwa na meli za kupandishia bendera, bendera yetu ilikuwa ikipandishwa na wengine. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, iliyokuwa imewekewa vikwazo, zilikuwa zimeandikishwa kwa jina letu kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na Serikali ikazifuta. Mwezi Januari 2018 Ugiriki ilitangaza kukamata meli yenye bendera ya Tanzania ikielekea Libya na vifaa vya kutengenezea milipuko. Majuma machache kabla yake nyingine ilikuwa imekamatwa karibu na Jamhuri ya Dominika ikiwa na dawa za kulevya. Rais Magufuli akaamuru uandikishaji wa meli za kigeni usimamishwe na zilizomo zichunguzwe. Ilikuwa amri ya lazima. Ada iliyopatikana kwa biashara ile ilikuwa ndogo, na jina lililochafuka ni lile lile ambalo baharia wetu huandika katika hati yake anapoomba kazi Rotterdam au Piraeus.

Tumfikirie huyo baharia. Tangu mwaka 1978 pana chuo cha ubaharia hapa Dar es Salaam, ambacho leo twakiita DMI. Vijana husoma humo urubani na uinjinia wa meli, na wazazi huuza mashamba ili kuwalipia. Lakini sheria za kimataifa zasema kijana hapewi cheti cha ofisa kwa kufaulu darasani peke yake. Sharti akae baharini kama mwanafunzi, kwa kawaida si chini ya miezi 12, chini ya uangalizi, na kazi zake ziandikwe katika daftari. Atakaa katika meli ya nani? Mwenye meli Mgiriki huchukua mtoto wa Mgiriki, Mfilipino ana mawakala wake, na kijana wetu huzunguka ofisi za Sokoine Drive na bahasha yake mpaka inachakaa. Nchi yenye meli nne tu ingekuwa na nafasi za vijana wengi kila mwaka. Hilo ndilo lililokufa pamoja na Harambee na Ujamaa, nalo halikuandikwa katika hesabu za mfilisi.

Yako mabaki ya kuanzia. Mwaka 1967 Tanzania na China ziliunda kampuni ya ubia wa meli, nusu kwa nusu, iitwayo Sinotaship. Imevuka nusu karne, wakati lile shirika la serikali nne halikufikisha miaka ishirini. Tunadhani imedumu kwa sababu ilikuwa na wenye mali wawili tu wasiogombana, na shehena katika ncha zote mbili za njia. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka kwamba hata Sulemani, pamoja na hekima yake yote, aliazima mabaharia wa Hiramu mfalme wa Tiro. Ubia si aibu. Aibu ni kuwa na nusu ya kampuni kwa miaka hiyo yote na wananchi wengi wasijue kwamba ni yao.

Tena mwambao wetu wenyewe upo. Wazee wa Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara wanaikumbuka TACOSHILI, shirika la meli za mwambao, lililobeba watu, korosho na nazi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mto Rufiji haukuwa kizuizi tena, mzigo ukahamia barabarani, na hakuna aliyeililia meli. Leo saruji ya Mtwara husafiri kwa malori zaidi ya kilometa 500 kuja Dar es Salaam, ikiisaga lami iliyojengwa kwa kodi zetu. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara ya kusini, malori na mabasi yalikwama siku kadhaa huku bahari ikiwa pale pale, haina shimo wala daraja la kusombwa.

Basi hatuombi Serikali inunue meli 19, wala hata tano, kwa mkopo na sherehe. Tunaomba ianze na shehena yake yenyewe. Kila wizara na shirika la umma linaloagiza mbolea, mabomba, transfoma au mabehewa lianze kununua kwa FOB, na kiasi cha mzigo huo kwa mwaka kijulikane wazi, ili atakayetaka kuleta meli, awe Sinotaship, au mfanyabiashara wa Kitanzania, au ubia mpya na Zambia, ajue anachokuja kubeba. Kampuni ya nje ipewayo mkataba wa shehena ya umma ikubali kuwachukua vijana wa chuo chetu melini, na idadi yao iandikwe katika mkataba, si katika hotuba. Na meli moja ya mizigo iwekwe kati ya Mtwara na Dar es Salaam, ipite kila juma iwe imejaa au haikujaa, mpaka wenye saruji na korosho waizoee. Bajeti ijayo ikisomwa tutatafuta mambo haya matatu ndani yake, na tutawaeleza wasomaji wetu tulichokiona.